Vilima vya Fontainebleau na Morvan kwa miguu iliyozoea Pemba

Wenzangu wa hapa Wete wakisikia kwamba nimekwenda Ufaransa na nimekimbia huko, swali lao la kwanza huwa ni iwapo nimefika Mont Blanc. Swali hilo lina sababu yake, kwa kuwa mashindano ya UTMB, yanayoanzia Chamonix tangu mwaka 2003 na kuuzunguka mlima huo kwa njia ya takriban kilomita 170 kupitia nchi tatu, ndiyo yanayovuma zaidi miongoni mwa wapenzi wa mbio za milimani. Mimi sikwenda Alps, na sijutii. Maoni yangu, ambayo nayaandika kwa yeyote wa visiwani atakayejaaliwa safari ya huko kwa masomo, kwa kazi au kwa kutembelea jamaa, ni kwamba mkimbiaji aliyekulia Pemba atafaidi zaidi misitu ya vilima vifupi kuliko milima yenye theluji, na misitu ya aina hiyo Ufaransa inayo tele.

Aliyewahi kukimbia kutoka Wete kwenda Konde, au kuingia ndani ya mashamba ya mikarafuu upande wa Mtambwe, ananielewa. Pemba haina mlima hata mmoja. Ina vilima vingi vilivyosongamana, na kila baina ya viwili pana bonde la mpunga au kijito, hivyo unapomaliza kupanda unateremka, na kabla pumzi hazijatulia unaanza kupanda tena. Mtu anayefanya mazoezi katika ardhi ya namna hiyo hujifunza, bila ya kufundishwa na mtu, kufupisha hatua anapopanda, kuulegeza mwili anapoteremka, na kuuchunga udongo mwekundu uliolowa wakati wa masika, ambao haumsamehe anayeukanyaga kwa kisigino. Msimu wa karafuu hujifunza na jambo jingine: ukingo wa barabara umejaa majamvi ya karafuu zilizoanikwa, watoto wanazigeuza, na mkimbiaji hana budi kupita katikati ya lami huku akiangalia gari mbele na nyuma.

Ujuzi huo una kazi kubwa Fontainebleau. Msitu huu uko kusini mashariki mwa Paris, na treni kutoka stesheni ya Gare de Lyon hufika Fontainebleau-Avon kwa muda wa dakika 40 hivi. Ukishuka tu unaweza kuingia msituni kwa miguu na kuelekea mnara wa Denecourt, ambako njia huanza kupanda baina ya mawe makubwa. Sehemu yote ya msitu haifiki mita 150 juu ya usawa wa bahari, na mwenye kuhukumu kwa kuangalia ramani anaweza kudhani kwamba ni tambarare. Upande wa magharibi, katika eneo la Trois Pignons, ipo njia ya mzunguko iitwayo Circuit des 25 Bosses, yenye urefu wa kilomita 16 hivi, ambayo hukupandisha kilima na kukuteremsha mara ishirini na tano. Si yote inayokimbilika, kwani pana mahali ambapo mkono lazima ushike jiwe ndipo mguu upande, na kwa sababu hiyo nawashauri wenzangu wapime mazoezi ya huko kwa muda na si kwa kilomita. Anayejigamba kwa kasi yake ya barabarani atanyamaza kabla ya kufika kilima cha sita.

Jambo ambalo sikulitegemea ni mchanga. Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita eneo hilo lilifunikwa na bahari, na mchanga iliouacha ni mweupe na laini, safi kiasi kwamba kwa muda mrefu umekuwa ukichimbwa kwa kutengenezea vioo. Sehemu ya mchanga huo ilishikana ikawa mawe, na mawe hayo ndiyo ambayo wapandaji wa miamba huenda kuyaparamia wakiwa na magodoro ya kuangukia mgongoni. Penye uwazi chini ya misonobari mguu huzama kama unaokimbia ufukwe wa Vumawimbi juu ya alama ya maji makuu, na Mfaransa aliyekuwa akinipita kwenye njia ngumu nilimkuta hapo anatembea. Siri ni ile ile tunayoijua sote: usisukume kwa vidole, uukanyage mchanga kwa unyayo mzima na kuuondoa mguu upesi.

Lakini uzuri wa msitu huo kwa mgeni hautokani na mawe wala mchanga peke yake; unatokana na alama. Claude-François Denecourt, aliyewahi kuwa askari wa Napoleon, alianza mwaka 1842 kufungua na kuchora njia za matembezi za Fontainebleau, na alama za rangi ya buluu za njia hizo zipo hadi leo. Reli ilipofika mwaka 1849 watu wa Paris walianza kumiminika, na mwaka 1861, kutokana na malalamiko ya wachoraji wa kijiji cha Barbizon waliokuwa wakiona mialoni ya kale ikikatwa, serikali ilitenga zaidi ya hekta 1,000 za msitu kwa ajili ya uzuri wake tu. Tangu mwaka 1947 nchi nzima ina mtandao wa njia ndefu ziitwazo GR, ambazo sasa zinapita kilomita 60,000. Alama yake ni mistari miwili mifupi, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa kwa brashi kwenye gome la mti au juu ya jiwe, kwa kiasi kikubwa na watu wanaojitolea. Mistari hiyo ikikunjwa pembeni, njia inageuka. Ukiona msalaba, umepotea, rudi ulikotoka. Baada ya mwendo mfupi jicho huzitafuta alama lenyewe na akili hubaki huru.

Kwetu njia ya shamba haichorwi, huulizwa. Ukimuuliza mzee njia ya kutokea, huenda akaacha jembe lake akakusindikiza mpaka uione barabara, na mimi sipendi desturi hiyo ibadilishwe na rangi. Sitaki kuona mkarafuu wa mtu umepakwa alama ya wakimbiaji. Hata hivyo, katika njia inayopita msitu wa Ngezi kuelekea Vumawimbi na Ras Kigomasha, alama chache za heshima zingemsaidia mgeni asiyejua Kiswahili, na zingempunguzia kijana wa Konde maswali ya kila siku. Katika salamu, kwa bahati, hatutofautiani sana. Watu wa Paris hupishana mjini kimya, lakini wakikutana msituni kila mmoja humwambia mwenzake bonjour, hata akiwa anahema. Nami niliyezoea kupunguza mwendo ili nimpe mzee shikamoo yake sikuona taabu.

Mwenye siku za kutosha aende Morvan, katika eneo la Bourgogne, ambayo ni hifadhi ya mkoa tangu mwaka 1970. Njia ya GR 13 inayoanzia Fontainebleau hupita huko. Hapa vilima ni vya matale na ni vikubwa zaidi, kwani kile cha juu kabisa, Haut-Folin, kina mita 901, lakini miinuko yake mingi ni ya taratibu na inakimbilika yote. Kwa karne kadhaa misitu hii iliipatia Paris kuni, zikielea kwenye mito mpaka jijini, na bwawa la Settons lilijengwa katikati ya karne ya 19 ili maji yake yafunguliwe kuzisukuma kuni hizo. Kulizunguka bwawa ni kilomita 15 hivi, na kwangu ni mahali pazuri pa kuanzia. Yapo pia mashamba makubwa ya miti ya Douglas, iliyoletwa kutoka Amerika Kaskazini kwa ajili ya mbao, na humo njia ni pana, zimenyooka, zina giza, na zinachosha moyo kabla ya miguu. Nilizikwepa kila nilipoweza. Bora mlima Beuvray, wenye mita 821, ambako ulikuwepo mji wa Bibracte na ambako Vercingetorix, mkuu wa Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa, alithibitishwa kuwa kiongozi wa vita dhidi ya Warumi mwaka 52 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Njia za huko hupita chini ya miti mikongwe iliyopinda mashina, mabaki ya ua wa miti uliopandwa na wakulima.

Mtu wa Ikweta ajitayarishe kwa mchana unaobadilika. Mwezi wa Juni jua la Paris linakaribia kutua saa nne za usiku, kwa hiyo unaweza kukimbia baada ya kazi na ukarudi nyumbani kabla ya Magharibi. Mwezi wa Disemba Magharibi huingia saa kumi na moja hivi za jioni, na ndani ya msitu giza hutangulia. Kupe wapo, nao huambukiza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme, basi vaa soksi ndefu na ujikague maungo ukirudi. Uwindaji nao, katika sehemu nyingi, huanza Septemba na kumalizika mwisho wa Februari, na siku ya msako wa nguruwe mwitu vibao vya onyo huwekwa kwenye vichochoro vya kuingilia. Vaa fulana ya rangi kali, ya machungwa ikiwezekana, na ukikikuta kibao hicho geuza njia, hata kama alama nyeupe na nyekundu inakuita upande wa pili.