Ugwe wa mgongo: habari zinazopanda, amri zinazoshuka

Mtu akianguka na chukudu (kipando cha mbao cha magurudumu mawili, kinachosukumwa kwa mguu) kwenye mawe ya volkano hapa Goma, wengi huogopea mifupa. Mimi naogopea zaidi ugwe wa mgongo, kamba ya neva iliyomo ndani ya mifupa ya mgongo: mnene kama kidole kidogo, urefu sentimita 45 hivi, na jozi 31 za neva zikitoka pembeni.

Habari za hisi huingilia nyuma ya ugwe. Amri za misuli hutokea mbele. Ajabu iko kwenye kuvuka. Maumivu na joto huvukia upande wa pili ndani ya ugwe wenyewe, ilhali amri nyingi za misuli zimeshavuka juu, chini ya ubongo. Ndiyo maana ugwe ukikatika nusu ya kulia, mguu wa kulia hupooza, lakini ni wa kushoto usiosikia sindano.

Basi usimkalishe majeruhi, wala usimpakie kwenye pikipiki (haraka hiyo ndiyo huharibu). Mwambie asigeuze shingo. Achezeshe vidole vya miguu yote miwili, kisha mguse huku na huku ukimuuliza anasikia wapi. Kumhamisha kunataka ubao na watu wanne au watano, mmoja akishika kichwa, mwili ugeuke wote kwa pamoja. Mfupa uliovunjika ukisogea, unaweza kuukata ugwe uliokuwa bado mzima.