Nilivyochagua koleo la kuchunia waya ndani ya kasha lililobana

Kazi zangu za elektroniki karibu zote huishia ndani ya makasha madogo: kipimajoto chenye betri yake, taa inayojiwasha giza likiingia, spika iliyoongezewa moduli ya Bluetooth. Kuchuna waya, yaani kuuvua ganda lake la plastiki mwishoni, si shida ukiwa mezani. Shida huanza bodi ya saketi ikishafungwa skrubu na nyaya zikishapitishwa kwenye matundu yake, halafu waya mmoja ukahitaji kukatwa na kuchunwa upya, nami nimebakiwa na sentimita tatu tu za kuchezea.

Mezani ninalo koleo kubwa linalojirekebisha lenyewe, na ninalipenda. Linashika waya kwa taya moja, linakata ganda kwa nyingine, kisha linalivuta kwa mkupuo mmoja. Lakini kichwa chake ni kipana, na linataka waya ulionyooka wenye urefu wa kutosha kushikwa. Ndani ya kasha waya wa namna hiyo haupatikani. Hata pale linapoingia, ule mvuto wake wa ghafla unaweza kuishia kwenye pedi ya shaba ambako waya umelehemiwa, na pedi ikishang'oka kwenye bodi, hapo una kazi nyingine kabisa.

Nilipoanza kutafuta dogo, niliona kwamba mengi yanayouzwa kwa sifa hiyo yamefupishwa mpini tu. Ni mazuri kubeba mfukoni, lakini kwangu hayakuwa na faida, kwa sababu mpini hubaki nje ya kasha. Kinachoingia ni taya. Kwa hiyo nikawa nayakagua kutokea mbele: unene wa taya, upana wake zikifunguka, na umbali kutoka nchani hadi tundu la kwanza la kuchunia. Hilo la mwisho ndilo lililoyatoa mengi kwenye orodha yangu. Makoleo ya kawaida yana pua ndefu ya kushikia vitu, na matundu yako nyuma ya pua hiyo. Pua inagonga bodi au ukuta wa kasha kabla waya haujafika kwenye tundu. Nilitaka matundu yaanzie karibu kabisa na ncha, pua isiwepo. Kushika nitashika kwa kibano.

Jambo jingine ambalo maelezo ya bidhaa hayalitaji ni upande ambao waya unaingilia. Koleo lenye matundu kwenye taya linataka waya ukatize taya, na ganda linavutwa kuelekea ubavuni mwa koleo. Waya ukiwa umesimama wima kutoka kwenye bodi, maana yake koleo lilale sambamba na bodi, na kuta za kasha haziruhusu. Kwangu jibu lilikuwa kuulaza waya kwanza kuelekea upande ulio wazi, kisha koleo lishuke kutoka juu. Hapo ndipo taya nyembamba zinapolipa, kwa kuwa zinapita katikati ya kapasita na soketi bila kusukuma kitu.

Sasa vipimo. Nyaya ninazotumia ni za geji 22 hadi 30 kwa mfumo wa AWG, kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya, ambao namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Shaba ya geji 22 ya uzi mmoja ina kipenyo cha milimita 0.64, ya geji 30 ina 0.25 tu. Kati ya geji 26 na 28 tofauti ni kama milimita 0.08, pungufu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Ukikosea tundu kwa hatua moja, ama ganda linagoma kutoka, ama meno yanakwaruza shaba. Na shaba iliyokwaruzwa huwa haikatiki siku hiyo. Inakatika baadaye, kasha likishafungwa, pale palipo na alama ya jino, kwa sababu kila waya unapopindwa nguvu yote inakusanyika hapo.

Waya wa nyuzi nyingi una hesabu yake. Nyuzi zilizosokotwa huacha nafasi katikati, kwa hiyo kwa geji ileile huwa mnene kuliko wa uzi mmoja. Ndiyo maana makoleo mazuri yana safu mbili za namba: tundu linalosomeka 22 kwa waya wa uzi mmoja husomeka 24 kwa waya wa nyuzi. Koleo lenye safu moja tu bila kueleza ni la waya gani nililiweka kando.

Ukikuta vipimo vya milimita, tazama kama ni kipenyo au ni eneo. Waya wa milimita 0.5 kwa kipenyo ni geji 24. Waya wa milimita za mraba 0.5 una kipenyo kama cha milimita 0.8, yaani karibu geji 20. Namba ni ileile, ila waya wa pili ni mnene zaidi kwa nusu na ushei.

Nililolichagua mwishowe ni la matundu ya kudumu, kuanzia 20 hadi 30, taya nyembamba, springi laini na kifungio kinachofunguka kwa kidole gumba. Yapo ya skrubu, ambayo unarekebisha kina cha meno mwenyewe. Yana taya nyembamba pia, na kwa mtu anayetumia aina moja ya waya yanafaa sana. Mimi nabadilisha nyaya kila mara, na kurekebisha skrubu kisha kujaribu upya ni usumbufu. Kabla ya kulichukua nililifunga na kulielekeza kwenye mwanga, nikatazama kwa lensi ya kukuzia. Meno yanapaswa kukutana bila mwanga kupenya kati ya tundu na tundu, na kila tundu liwe duara kamili. Tundu lililopinda hukata upande mmoja wa ganda na kuuma shaba upande wa pili.

Ninavyolitumia ndani ya kasha: kwanza natoa betri, maana taya ni za chuma na ule mpira wa mpini si kinga ya kufanyia kazi kwenye umeme. Naulaza waya. Kibano, mkono wa kushoto, kinaushika karibu na bodi ili mvuto uishie kwenye kibano, usifike kwenye pedi. Nafunga koleo milimita tatu au nne kutoka mwisho wa waya, nalizungusha kidogo kushoto na kulia ili ganda likatike pande zote, halafu navuta taratibu. Kwa waya wa nyuzi silitoi ganda lote. Naliacha likining'inia nchani, nazisokota nyuzi kwa kulizungusha, ndipo nalitoa. Nyuzi zinabaki pamoja, na humo ndani vidole visingefika kuzisokota.

Ganda la PVC halina ubishi. La silikoni linanyumbuka, linavutika kisha linarudi, kwa hiyo meno yawe makali na uchune kipande kifupi. PTFE, plastiki ijulikanayo zaidi kama Teflon, ndiyo yenye kuudhi: inateleza kwenye taya, na bila meno makali utavuta hadi uchoke. Kwa hiyo baadhi ya watu hutumia kibano cha joto, ambacho hukata ganda kwa kuliyeyusha na hakiumi shaba. Ni kizuri kweli, lakini PTFE ikipata moto kupita kiasi hutoa moshi wenye madhara, kwa hiyo pawe na hewa ya kutosha. Waya wa koili, ule uliopakwa vanishi, usiupeleke kwenye koleo lolote. Unakwanguliwa, au vanishi inachomwa kwa kifaa cha kulehemu.

Kuna kifaa kingine nimekiweka pembeni ya koleo: kile cha kuzungushia waya wa geji 30 kwenye pini. Kina bapa jembamba lenye mpasuko. Unaingiza waya kwenye mpasuko, unavuta, ganda linabaki. Kinafika mahali ambapo koleo lolote lingekwama, ila ni kwa geji hiyo moja tu.

Waya uliobaki ukiwa chini ya sentimita moja na nusu, sihangaiki kuuchuna humo ndani. Nauyeyushia solda, nautoa, nachuna mpya mezani pande zote mbili, kisha ndipo naulehemu mahali pake.