Yai lililozama mbele ya Kidato cha Nne

Miaka mitatu ya mwanzo nilifundisha Fizikia na Kemia kama nilivyofundishwa mwenyewe. Naingia, naandika kichwa cha somo, nasoma maelezo, wanafunzi wananakili. Anayeuliza namrudia maneno yale yale ya kitabuni, ila kwa sauti ya juu zaidi. Ubao ulijaa, madaftari yakajaa, na karatasi za mtihani zikarudi nusu tupu. Jioni nikirejea kwetu Mkomani nawakuta watoto wale wale wamekaa juu ya ukuta wa bahari, wanabishana ni mashua gani itatangulia kufika gatini, na kila mmoja anatoa sababu: tanga, upepo, shehena, mkondo wa maji. Asubuhi yake darasani, kimya.

Hilo liliniuma, maana mimi ni mzaliwa wa Lamu na nilirudi kufundisha hapa kwa kutaka.

Mwaka wa nne tukafika mada ya kuelea na kuzama. Niliazimia siku hiyo somo lisiwe la kunakili. Jaribio la yai kila mwalimu wa sayansi analijua: yai huzama katika maji ya kunywa, na katika maji ya chumvi huelea. Nikaona kwa nini nikoroge chumvi ya jikoni nasi bahari iko mlangoni? Nikateka ndoo ya maji pale gatini, nikabeba na mayai mawili ya dukani. Nikawaeleza kanuni ya Archimedes vizuri kabisa: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Nikatia yai la kwanza kwenye jagi la maji ya kunywa, likazama. Nikawaambia, "Sasa tazameni maji ya bahari. Litaelea."

Nikaliachia. Likateremka taratibu, likagonga tako la ndoo.

Darasa zima liliangua kicheko. Nilitahayari nisijue nitazame wapi. Nikalitoa, nikalifuta kwa leso, nikalirudisha. Likazama tena. Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake, akainua mkono nusu. "Mwalimu, hilo yai ni zima. Lielealo ni yai viza. Mama akinunua mayai huyatia majini kwanza. Likiinuka, hulitupa."

Kicheko kikakatika. Mvulana wa nyuma akasema si uzima wa yai, ni chumvi haikutosha. Mwingine akasema bahari ikiwa haina chumvi ya kutosha, chumvi itoke wapi tena? Wakaanza kubishana vile vile wanavyobishana juu ya ukuta wa bahari. Nilisimama na leso yangu mkononi nikawasikiliza, kisha nikamtuma mmoja jikoni kwa mpishi akaombe chumvi na mizani.

Yule msichana na yule mvulana wa nyuma, wote wawili walikuwa na haki. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na densiti yake, yaani uzito wa kitu ukilinganisha na nafasi kinayoshika, ni kama gramu 1.025 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Yai lililotagwa karibuni ni zito kuliko hapo, karibu 1.08. Ili liinuke, kila lita yahitaji chumvi ya zaidi ya gramu 100. Na yai likikaa siku nyingi, maji yake hutoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda, chumba cha hewa ndani kikapanuka. Ukubwa ni ule ule ila uzito umepungua. Mama yake yule binti alikuwa akipima densiti jikoni kwake miaka yote.

Tuliongeza chumvi kijiko kwa kijiko. Kabla ya kuanza niliwaambia kila mmoja aandike ni vijiko vingapi vitaliinua yai. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo, niliogopa tu kusema tena jambo ambalo sina hakika nalo. Lakini mtu akishaandika makisio yake, shingo yake haitulii. Waliokuwa wamezoea kulala kipindi cha mchana walisimama juu ya viti. Yai lilipotikisika, likasimama wima kwa ncha yake, kisha likapanda, kelele zake zilimtoa mwalimu mkuu ofisini.

Usiku ule nilijiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa. Kutolijaribu jaribio nyumbani lilikuwa kosa, na tangu hapo kila jaribio nalifanya jikoni kwangu mara mbili kabla ya kulipeleka shule. Ila kosa kubwa zaidi ni kwamba niliwatajia jibu kabla hawajapata nafasi ya kulitaka. Hata lingeelea wangetazama tu, wakanakili.

Nilikuwa nimewahi kuhudhuria mafunzo ya SMASSE, ule mpango wa kuwanoa walimu wa Hisabati na sayansi ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na shirika la JICA la Japani. Walitufundisha nguzo nne: vitendo, mwanafunzi, majaribio, na kubuni vifaa kwa vilivyopo. Niliziandika, nikapiga mstari, nikafunga daftari. Baada ya yai nikalifungua upya. Nikasoma pia kuhusu Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia chuo cha Harvard, ambaye miaka ya 1990 aliacha kuhutubia, akawa anauliza swali, wanafunzi wanachagua jibu kila mtu peke yake, wanashawishiana na jirani, kisha wanachagua tena. Nikafarijika kwamba hata huko walikuwepo walionakili bila kuelewa.

Nimekuwa nikifanya hivi tangu wakati huo. Naweka kitu mezani, nauliza kitatokea nini. Makisio yanaandikwa daftarini kwa kalamu, si penseli, maana mdomo hugeuka baada ya kuona. Nahesabu kura ubaoni. Kisha kila mmoja amgeukie jirani aliyeandika tofauti na amshawishi, dakika tatu. Kura ya pili. Ndipo tunafanya. Maelezo huja mwisho, na huanza na wao. Sehemu ngumu kwangu ilikuwa zile dakika tatu: kusikia hoja potofu ikitetewa kwa nguvu nami nimefunga mdomo. Ilinichukua mwaka mzima kuzoea.

Majaribio ya mshindo niliyapunguza. Povu na moshi huwafurahisha, lakini ukiwauliza wiki inayofuata wanakumbuka povu na moshi. Napenda jaribio la polepole, linalompa mtoto muda wa kubadilisha mawazo.

Lililo zuri kupita yote kwa Lamu ni chokaa. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Naokota vipande vilivyoanguka kutoka kuta kuukuu, nawapa Kidato cha Pili kila kundi kipande kimoja na ndimu. Jiwe litafanya nini? Wengi huandika "hakuna". Tone la ndimu likigusa, jiwe linachemka vipovu, na ukisogeza sikio unasikia linavuma. Vipovu hivyo ni kabonidayoksaidi. Nawaambia hewa hiyo hiyo ndiyo inayotolewa kwa moto kwenye tanuri, katika joto la karibu nyuzi 900, na kinachobaki ni chokaa hai. Chokaa hai ikiguswa na maji huchemka, na hapo sichezi: nafanya mwenyewe, kidogo mno, miwani machoni, darasa limerudi nyuma. Mara moja ilinirukia mkononi nikiwa nimefanya haraka, na alama ipo.

Yakishatulia, maji yake tunayachuja yakawa maangavu kabisa. Kisha mwanafunzi anapuliza pumzi yake ndani kwa mrija, bila kuvuta. Maji yanageuka meupe kama tui. Mwaka mmoja aliyepuliza alikuwa mtoto wa fundi wa lipu. Alisubiri ule weupe utuame chini ya bika, akautazama muda mrefu, akasema, "Mwalimu, hili ni lile jiwe. Limerudi." Kisha akauliza kama ndiyo sababu babake huilowesha lipu siku kadhaa asiiache ikauke upesi. Ndiyo. Lipu ya chokaa haikazwi na kukauka. Inakazwa na kuvuta kabonidayoksaidi hewani hadi iwe jiwe tena, na unyevu ndio unaoiwezesha kufanya hivyo. Mimi sikuwa nimeliwazia hilo la kulowesha. Nimelala ndani ya kuta hizo tangu kuzaliwa.

Kuhusu lugha nina msimamo. Mtihani wa sayansi wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, ni wa Kiingereza na sina uwezo wa kulibadilisha hilo, wala simdanganyi mwanafunzi kuwa si muhimu. Lakini ubishi wa dakika tatu ni wa Kiswahili, na Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ukipenda. Ukutani pana karatasi yenye safu mbili, neno la mtihani na neno la nyumbani, na wanafunzi ndio wanaoijaza. Kwanza mtoto alielewe jambo kwa ulimi wake, kisha aandike jibu kwa ulimi wa mtihani. Waliokuwa wakikaririshwa kwa Kiingereza tangu mwanzo walikuwa wakikosa vyote viwili.

Vifaa havikuongezeka. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia wa kijijini kule Nakuru, alipotunukiwa Global Teacher Prize, tuzo ya walimu ya kimataifa, wenzangu walizungumza juu ya zile dola milioni 1. Mimi nilishika kwamba shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Nikaacha kusubiri maabara kamili.

Klabu ya sayansi ilianza na nguzo. Tuliomba ruhusa kwa mwenye gati dogo, tukaichora nguzo mojawapo mistari kila sentimita 10, na kwa mwezi mzima, kuanzia mwandamo hadi mwandamo, wanafunzi walipokezana kusoma maji yakijaa na yakipwa. Kwanza, kama kawaida, makisio: bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa wingi, ile kubwa kuliko zote itakuwa siku gani? Karibu wote waliandika usiku wa mwezi mpevu, nami kimoyomoyo niliandika hivyo hivyo. Mmoja tu, mtoto wa mvuvi wa Wiyoni, aliandika "siku mbili baada". Jirani zake walimshambulia, hakubadilisha. Alisema, "Babu husema bamvua huja nyuma ya mwezi, kama mkia."

Ikawa kama alivyosema. Grafu ilipanda, mwezi ukajaa, grafu ikaendelea kupanda. Bahari ni nzito na ina mabonde na kingo zake. Haiitikii mvuto papo hapo. Babu mwenyewe alikuja siku moja gatini kuitazama nguzo yetu. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia, akaizunguka, akauliza rangi tumeinunua kwa nani, maana itatoka na chaza watashika. Akasema tusome na siku za maji mafu vile vile, zile ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana, watu huzidharau. Tukasoma. Siku za bamvua maji yalikuwa yakipwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, tofauti ya karibu mita 3. Siku za maji mafu, karibu mita 1 tu. Na kila siku maji yalichelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa sababu mwezi nao huchelewa.

Mwisho wa mwezi yule mtoto wa Wiyoni aliniuliza: mwezi usingekuwapo, bahari ingejaa na kupwa? Nililijua jibu. Nikaliandika swali lake kwenye kona ya ubao, nikazungushia duara ili lisifutwe. Lilikaa hapo wiki mbili. Walimu wengine wakifundisha huandika pembeni yake.

Siku ya Jumatano, kipindi kimekwisha, alibaki nyuma na daftari la nguzo. Bamvua, jua na mwezi huvuta pamoja, alisema, hivyo tunajumlisha. Maji mafu vinapingana, hivyo tunatoa. Jumla ni mita 3, tofauti ni mita 1. Akaandika hesabu mbili fupi: mwezi mita 2, jua mita 1. Nusu. Wataalamu husema nguvu ya jua ya kuinua maji ya bahari ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi, asilimia 46, na yeye alikuwa ameifikia kwa mkebe wa rangi na nguzo ya gati.

"Kwa hiyo ingejaa?" nikamuuliza.

"Ingejaa, mwalimu. Mita moja." Akafikiri kidogo, akiangalia dirishani. "Na kila siku saa ile ile. Babu asingekuwa na la kuhesabu."