Kompyuta nane za mtumba, kazi ya saa 20: nilivyoifikisha chini ya saa 3

Kazi niliyoitumia kupimia utafiti wangu wa uzamili ni hii: picha 240 za setilaiti ya Sentinel-2, za eneo lilelile kwa tarehe tofauti, zipitiwe kutafuta gugu maji kwenye Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Kila picha ina megabaiti 700 hivi na kompyuta moja huimaliza kwa dakika 5. Mwishoni mashine moja huunganisha majibu yote kuwa ramani ya mabadiliko, dakika 18. Kwa mashine moja ni saa 20 na hizo dakika 18. Ukigawa hizo saa 20 kwa mashine nane, kisha ukaongeza dakika 18, unatarajia saa 2 na dakika 48. Mara ya kwanza nilipata saa 4 na dakika 20.

Vifaa ni kompyuta nane za mezani za mtumba, kila moja ina prosesa ya viini vinne na kumbukumbu ya GB 8, zinatumia Linux, na swichi ya gigabiti (kifaa cha kuziunganisha kompyuta kwa nyaya za mtandao) yenye poti 16. Kazi ikikolea kila moja hula wati 80 hivi, zote nane 640. Zikikesha siku nzima ni yuniti 15 za umeme. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ni moja tu, imeshika swichi na mashine mama yenye diski ya picha.

Kumbukumbu ndiyo huisha kwanza, kwa hiyo anzia hapo. Bendi moja ya picha, yaani tabaka la rangi moja ya mwanga, ikiwa ni ya zile ambazo pikseli moja ni mita 10, ina pikseli 10,980 kwa 10,980. Kwa biti 16 ni MB 241, lakini programu ikigawanya thamani za bendi moja kwa za bendi nyingine huigeuza kuwa biti 64 bila kukuuliza, nayo inafika MB 964. Bendi mbili na jibu lake, mara viini vinne, ni zaidi ya GB 11. Mashine ya GB 8 itaanza kumwaga kwenye diski na utadhani imeganda. Kata picha vipande vya pikseli 1,024 kwa 1,024, lazimisha biti 32, na tatizo limekwisha.

Baada ya hapo ni mtandao, na huu ndio ulionila muda. Piga hesabu kwanza: picha zote ni GB 168, zinatoka kwenye diski ya mashine mama kupitia waya mmoja. Gigabiti ikiwa nzima hupitisha kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 25 zinatosha. Ikishuka hadi megabiti 100 unapata MB 12, na mzigo uleule unakula karibu saa 4. Amri ya ethtool kwenye mashine mama ilionyesha kasi ni 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo. Megabiti 100 inatosheka na mbili. Uzi mmoja wa kahawia ulikuwa haujafika mwisho wa plagi, basi kadi na swichi zikakubaliana kushuka, kimya kimya, bila kosa lolote kuandikwa popote. Nilikata plagi na kubana nyingine, nyuzi zikiwa zimefunguliwa msokoto kwa milimita 13 tu. Kifaa cha kupimia chenye taa nane kingenionyesha hilo kwa dakika moja.

Muda ukashuka hadi saa 3 na dakika 50. Nusu saa tu! Nyuma ya kizuizi kimoja kulikuwa na kingine. Nilikuwa nimegawa picha 30 kwa kila mashine. Saba zilimaliza kwa saa 2 na nusu, ya nane ikawa inachukua dakika 7 kwa picha, na zile saba zikakaa kuisubiri saa nzima. Feni yake ilikuwa imejaa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Joto likizidi, prosesa hujipunguza kasi yenyewe. (Zima taa ya chumba usiku, wanafuata mwanga.)

Sikuanza na kusafisha feni, kwa sababu wiki ijayo itachoka nyingine. Niliweka orodha ya picha kwenye foleni moja: kila mashine inachukua picha moja, ikimaliza inarudi kuchukua nyingine, na huku inafanya kazi inavuta inayofuata. Jumla ikawa saa 2 na dakika 55, feni ikiwa bado chafu. Kusafisha kuliokoa dakika 5 tu. Nilijaribu kuweka kwenye foleni vipande vidogo kuliko picha, muda ukaishia kwenye kuombana kazi; picha nzima ndiyo saizi yake ya kugawia.

Kwa picha za mwisho niliazima mbinu ya MapReduce, mfumo wa kugawa kazi kwa kompyuta nyingi ulioelezwa na Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google mwaka 2004: foleni ikiwa tupu na picha imepita dakika 10, mashine nyingine inapewa nakala, atakayewahi ndiye. Hapo lazima kuandika jibu mara mbili kusiharibu kitu. Andika kwa jina la muda, hakikisha limefika diskini, ndipo ubadilishe jina, kwenye diski ileile. Umeme ukikatika, jibu lenye jina kamili ni jibu kamili, na kila mashine imepoteza dakika 5 tu. Kabla ya hapo nilikuwa na mafaili nusu yenye majina mazima, na programu ikayaruka ikidhani yamekwisha.

Kuongeza mashine nane nyingine kungeleta dakika 93 badala ya 168, kwa kuwa zile 18 za kuunganisha hazigawanyiki. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967. Kwa mashine 64 kuunganisha kungekula karibu nusu ya muda wote. Sasa ninaikata ramani kwa maeneo ili nayo iingie kwenye foleni. Kwa sasa, foleni ikiisha, amri inazima mashine saba na kuiacha mashine mama imalizie peke yake.