Siku moja karakanani Mwanza: kuivika magnesiamu ngozi ya kauri

Saa 1:30 asubuhi. Mezani kuna nusu ya kasha la injini ya chenso, aloi ya magnesiamu iitwayo AZ91, lenye unga mweupe wa kutu kuzunguka mashimo ya boliti. Kazi ya leo: kulizamisha katika dawa na kulipitishia umeme wa volti nyingi, hadi cheche zigeuze uso wake kuwa ngozi ngumu ya kauri. Hewa ya ziwani haina chumvi kama ya Dar es Salaam, lakini unyevu peke yake unatosha kuleta kutu pale chuma kinapogusana na magnesiamu. Kila cha chuma king'olewe: boliti, bushi, beringi. Hili lisifanyiwe mzaha. Chuma kikibaki kitavuta umeme wote, cheche hazitatokea, na kasha litatoka bila ngozi. Matundu ya beringi yazibwe kwa raba, maana ngozi hubadili kipimo.

Saa 2:30. Msasa wa maji namba 320, 600, kisha 1000. Vumbi kavu la magnesiamu huwaka, na moto wake ukimwagiwa maji huchachamaa. Mchanga mkavu uwe karibu. Tope la msasa likae chombo wazi, linatoa haidrojeni. Mafuta huoshwa kwa kostiki ya nyuzi 60. Kostiki hula aluminiamu, magnesiamu haiidhuru.

Saa 4. Dawa: lita 50 za maji ya betri (maji yaliyotoneshwa, si tindikali), kwanza gramu 100 za hidroksidi ya potasiamu, kisha gramu 500 za silikati ya sodiamu. Maji ya bomba yana kloridi, hayafai.

Saa 5. Kasha linaning'inia ndani ya dawa kwa waya wa aluminiamu upande wa chanya. Bamba la stenlesi ni hasi. Eneo ni desimita 4 za mraba, ampea 3 kwa kila moja, hivyo ampea 12. Volti hupanda kupita 300, cheche ndogo nyeupe zikitembea kila mahali. Hapo ndipo macho yasibanduke: cheche kubwa za rangi ya machungwa zikiganda sehemu moja zinachimba mashimo, punguza umeme upesi. Bila koili ya maji ya kupoza, dawa ingepanda karibu nyuzi 20 kwa dakika 15. Mfuniko uzime umeme ukifunguliwa; volti 400 zinaua.

Saa 8. Suuza, kausha, pima: maikromita 20 hivi.

Saa 9. Ngozi hii ni ngumu, haisagiki kirahisi, ila ina vitundu. Epoksi nyepesi ipakwe mara moja, isipokuwa sehemu zinazosuguana.

Saa 11 jioni. Boliti zinarudi na wosha za nailoni.