Juliana wa Liège na sherehe ambayo hakuiona ikienea

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumapili ile tunapoandamana nyuma ya Sakramenti Kuu, watoto wakitangulia kumwaga maua, wengi wetu hatujui kwamba sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo iliombwa kwanza na mtawa wa nyumba ya wakoma.

Juliana alizaliwa karibu na Liège, katika Ubelgiji ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1190. Akiwa na miaka mitano alishakuwa yatima, yeye na dada yake Agnes. Walipokelewa katika nyumba ya wakoma ya Mont-Cornillon na masista wakanoni, yaani wanawake wa jumuiya ya sala, walioishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Augustino, siku yao ikiwa ni zaburi na wagonjwa wa ukoma. Wakanoni wa kike walikuwepo tangu zamani. Sinodi ya Aachen, mkutano wa viongozi wa Kanisa wa mwaka 816, iliwawekea taratibu, ikawaruhusu hata kubaki na mali zao. Baadaye, hasa karne ya 11 na 12, nyumba nyingi zilichagua njia ya Augustino: mali yote ni ya jumuiya.

Akiwa na miaka 16, katika kuabudu Ekaristi, Juliana aliona mwezi uking'aa, umekatwa na mstari mweusi. Akajaliwa kuelewa: mwezi ni Kanisa hapa duniani, na ule weusi ni sikukuu ya Ekaristi inayokosekana. Akakaa na jambo hilo moyoni kwa takribani miaka 20. Mimi sioni woga hapo. Alilipima magotini kwanza, ndipo akamweleza Eva, mtawa mkaapweke, na Isabella, sista mwenzake wa Mont-Cornillon.

Mwaka 1246 Askofu Robert akaiweka sikukuu hiyo jimboni Liège. Lakini baadhi ya mapadre walimpinga Juliana, na mwaka 1248 akalazimika kuiacha nyumba iliyomlea. Kwa miaka kumi alihifadhiwa katika monasteri za Wasistersiani, shirika jingine la watawa, hata kufa kwake Fosses mwaka 1258. Miaka sita baadaye Papa Urbano IV, aliyewahi kuwa shemasi mkuu Liège, akaieneza sherehe hiyo kwa Kanisa zima, na kumwandikia Eva barua.

Juma hili tusome Yohane 6:51, "Mimi ndimi chakula chenye uzima kilichoshuka kutoka mbinguni", tukiwaombea masista wanaotoka kwenye Masifu ya Asubuhi moja kwa moja hadi wodini, na wote waliosukumwa nje ya nyumba walizozitumikia. Mtakatifu Juliana, utuombee.