Nilivyoujenga mji wa mwezini kwenye kijiwe cha kahawa

Kwa miezi minane nilikuwa na katiba lakini sina hadithi. Ibara 214, zote nimeziandika kwenye simu nikiwa nimesimama ndani ya daladala la Mbagala, mkono mmoja umeshika bomba na kwapa la mtu liko usoni. Nilitaka kuandika hadithi ya kisayansi kuhusu watu wanaoishi mwezini, na rafiki yangu mmoja msomi, ambaye hajawahi kumaliza kuandika hata kadi ya mwaliko, akaniambia huwezi kuanza na hadithi. Anza na ulimwengu, akasema. Weka ramani, sheria, historia ya miaka elfu tatu, na lugha mpya yenye sarufi yake. Hiyo lugha mpya niliikataa palepale, maana mteja wa kwanza dukani kwetu (nauza vifaa vya ujenzi) akiniita kwa Kiswahili cha Tandika huwa nahitaji mkalimani. Hayo mengine niliyabeba yote.

Na niseme ukweli, nilifurahia. Mji wangu ulikuwa na serikali tatu: ya Shimo, ya Ncha ya Kusini na ya Muungano. Sisi huku Tanzania suala la Muungano wa serikali mbili au tatu lilitutoa jasho mwaka 2014, Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni mpaka leo haijapigwa. Mimi huko mwezini nililimaliza asubuhi moja kati ya Mtoni Mtongani na Kariakoo. Foleni ilikuwa kubwa.

Shimo lenyewe sikulibuni. Lipo kweli, kwenye Bahari ya Utulivu, bahari ileile walikotua Apollo 11 mwaka 1969. Kina chake ni kama mita 100, na mwaka 2022 watafiti wanaotumia vipimo vya LRO, chombo cha Marekani kinachouzunguka mwezi, walisema sehemu zake zenye kivuli zina joto la nyuzi 17 hivi, wakati huko juu mchana unakaanga na usiku unagandisha. Nyuzi 17 ni Lushoto hiyo, unavaa sweta tu. Nikaona nimepata kiwanja.

Basi jioni moja nikaenda kijiweni na daftari, nikawasomea. Nilifika ibara ya 12, inayohusu haki ya raia kupata maji. Mzee muuza kahawa akasimama na birika lake mkononi.

"Hayo maji yanatoka wapi?"

"Nchani, babu. Kusini. Kuna barafu kwenye mashimo ambayo jua haliyafikii."

"Mpaka hapo kwenye shimo lenu ni mbali?"

Nikapiga hesabu kwenye simu. Karibu kilomita 3,000.

"Kwa boza la maji?"

"Eeh, kwa boza."

"Basi rais wenu ni dereva wa boza," akasema, akaendelea kumimina kahawa. Kijiwe kizima kikacheka, nami nikajilazimisha kucheka.

Usiku sikulala vizuri. Sisi tunaokaa Dar tunajua maji ya Ruvu yakikatika siku tatu nani anakuwa mkubwa mtaani. Siyo diwani. Ni yule mwenye mkokoteni wa madumu, unamwamkia hata kama umemzidi umri. Katika ibara zangu 214 hapakuwa na mtu hata mmoja anayebeba maji, anayedaiwa kodi, wala anayekula. Palikuwa na Jaji Mkuu. Asubuhi nikafungua faili jipya, nikaandika sentensi moja: boza limechelewa siku nne na mjumbe ameanza kufungia ndoo zake ndani. Kurasa tisa zikatoka bila kupumzika. Sijawahi kuona.

Jambo la pili ndilo ninalojivunia, naomba mnivumilie. Ni saa.

Hadithi nyingi za anga huko mwezini wanatumia saa za kwetu duniani, na mimi nilikuwa nimefuata mkumbo. Lakini Mswahili haanzi kuhesabu saa usiku wa manane, anahesabu kwa jua. Limechomoza, ni saa kumi na mbili alfajiri. Limepanda kidogo, saa moja. Sasa mwezini jua likichomoza leo, litachomoza tena baada ya siku 29 na nusu za huku. Mchana ni wiki mbili, usiku wiki mbili. Ukiugawa mzunguko huo mara 24 kama tulivyozoea, unajua saa moja ya mwezini inakuwa na muda gani? Saa 29 na nusu za duniani. Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Ina maana mtu wa Shimo akikwambia alfajiri "tuonane saa nne", ana karibu siku tano za kujiandaa. Hatimaye nimepata mahali ambapo fundi wangu wa jiko la gesi angefika kwa wakati.

Na hapo ndipo ile katiba niliyotaka kuifuta ikanilipa. Ibara ya 88, niliyoinakili kivivu kutoka kwa tulivyozoea huku, ilisema vituo vya kura vitafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Haikusema saa za nani! Serikali ya Muungano inatumia saa za duniani, ikafunga vituo baada ya muda wa saa tisa tu za duniani na kwenda kuhesabu. Watu wa Shimo wanatumia saa za jua. Kwa hesabu yao kituo kina siku 11 za kubaki wazi. Wakakaa kwenye foleni siku 11. Wamelala, wamepika, mtoto amezaliwa na kupewa jina, boza limefika na kuondoka, na wakala wa chama tawala amekonda. Kila msimamizi akija kuwaambia zoezi limekwisha, bibi mmoja aliye mbele anaonyesha jua kwa kidole na kumuuliza, "Mwanangu, hii kwako ni jioni?"

Yule msomi nilipomsomea sehemu hiyo aliniambia haina historia ya kutosha. Sawa.

Wapo pia waliosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya anga. Hao huwa nawauliza Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya shangazi zao? Wakulima na wavuvi walikuwa wakikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota, wajue mvua, kabla hatujaletewa kalenda ya ukutani. Mimi neno nililolikosa ni moja tu, la mwanga wa dunia unaomulika mwezini usiku, nikaliita mbaladunia. Hakuna aliyeniuliza maana yake.

Mbaladunia ndiyo iliyoniokoa na swali la Ramadhani. Lilikuja, nilijua lingekuja: huko mwezini watautazama mwezi gani ili wafunge, na sisi huku kila mwaka hatukubaliani? Nililala na swali hilo wiki nzima. Jibu likaja nikiwa naoga. Dunia nayo, ukiitazama kutoka mwezini, inapevuka na kupungua, ila kinyume chetu: huku mwezi ukiwa gizani karibu ya kuandama, kwao dunia ni pevu, duara zima la buluu. Basi wao wanangoja dunia ipevuke, ikianza tu kumegeka ubavuni, wanaambiana. Na kwa kuwa mtu ambaye mchana wake ni wiki mbili hawezi kufunga mpaka jua lizame, nikawapa saa za duniani kwa ibada tu. Nilisikia wanazuoni wa Malaysia walimwelekeza hivyo mwanaanga wao mwaka 2007, afuate saa za mahali aliporukia. Mzee muuza kahawa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Na huko watabishana tu."

Gharama? Sikumbuki. Bando, kahawa na kashata za kijiwe kizima kila nikisoma, na steshenari waliochapa nakala tano kama elfu ishirini na kitu, ukurasa wa 40 ukiwa juu chini.

Nakala moja nilimpa mzee. Kesho yake ananiuliza boza likipata pancha njiani inakuwaje, maana hakuona mahali. Nikamwambia kwa kujigamba kwamba huko hakuna pancha, hata lile gari la Apollo magurudumu yake yalikuwa ya waya wa kusuka, siyo mpira. Sura ikambadilika. Nilisahau kwamba kijana wake anaziba pancha pale kituoni.

"Kwa hiyo wangu umemnyima kazi hata mwezini?"

Nimerudi kwenye faili. Kijana yumo sura ya tatu sasa, amechuchumaa chini ya boza anasuka gurudumu kama babu zake walivyosuka dema, na bei yake hapunguzi hata senti.